Makala ya Kuaminika

Mwanakheri, mfagiaji wa maktaba, aligundua kwamba mtafiti mmoja aliyekuja kufanya kazi hapo akifungua makala kwenye kompyuta huanza kusoma mwishoni.

“Dada, mbona unaanzia mkiani?”

“Natazama marejeo, mdogo wangu. Mtandaoni kila mtu anaandika. Hii imepitiwa na wataalamu, siyo porojo.” Akasoma kwa sauti: “‘Wasichana wa mtaa huu huacha shule kwa hiari. Binti wa fundi viatu wa stendi alisema amechoka kusoma.’ Basi naandika kwenye ripoti yangu kwamba shule mpya haihitajiki hapa.”

Vidole vyake vikaanza kugonga herufi.

Mwanakheri akaweka ufagio chini.

“Usiandike hivyo, dada,” akasema kwa sauti ndogo. “Binti huyo ni mimi. Nilipohojiwa, baba alikuwa amekaa kando yangu. Shule nilikuwa naipenda.”