Zawadi ya Kilatini

Siku hizo kitabu chochote ambacho lugha yake haikuwa na msemaji hata mmoja aliye hai kilichukuliwa na kupelekwa kiwandani kusagwa. Ndiyo maana afisa alifika asubuhi nyumbani kwa Mama Skolastika Komba, mjini Songea, akamkuta akichambua mchele na binti yake, Imelda.

"Shikamoo, mama. Tumeambiwa una kitabu cha mashairi ya Kilatini."

"Marahaba. Ninacho. Nilizawadiwa shuleni nilipokuwa wa kwanza, na hata siku hiyo kilikuwa kikuukuu."

"Kilatini hakina msemaji, mama. Naomba nikichukue."

"Mama, mpe tu yaishe," Imelda alinong'ona.

Skolastika alijipangusa mikono, akakitoa kabatini, akakifungua. Alighani shairi zima bila kukwama, macho yake yakimkazia afisa badala ya ukurasa. Afisa akaandika kwenye kishikwambi: msemaji mmoja, miaka themanini na miwili.

"Basi kitabaki. Nitapita kila mwezi kuangalia kama bado upo."

Imelda aliacha kuchambua mchele. Mama yake angengojewa afe! Akakitwaa kitabu, akasoma mstari wa kwanza kwa kigugumizi. Mama akamsahihisha. Akausoma tena, safari hii kwa sauti iliyofika barabarani.

"Andika wawili," alimwambia afisa. "Na jina langu usilikosee."

Afisa aliandika. Kisha, bila kuinua macho, akauliza kwa upole kama Imelda ana watoto.