Vigingi Vyekundu

Karani mstaafu aling'oa kigingi cha mwisho kwa mikono miwili, akakibana kwapani pamoja na vingine, akatazama huku na huku. Hakukuwa na mtu. Wajenzi wa barabara walikuwa wamekwenda kula, na hao wakishaanza kula, hata ukiiba tingatinga hawageuki.

Tingatinga hilo lilikuwa limekata ubavu wa mlima juu ya makazi, likang'oa miti yote na kusukumia udongo bondeni bila haya. Chemchemi ilifukiwa. Kijito walimokuwa wakioga watoto sasa kilipitisha uji mwekundu. Mhandisi mwenyewe hakuwahi kushuka garini, asije akachafua viatu. Karani aliyaona yote hayo akanyamaza. Kuchota maji kulikuwa shida ya makabwela. Yeye alikuwa na tangi.

Lakini asubuhi hiyo wapimaji walipigilia vigingi vyekundu nyuma ya nyumba yake, na kigingi chekundu kila mtu anakijua: barabara inapanuliwa, nyumba inavunjwa. Nyumba ya matofali, yenye vigae na sebule mbili! Na hapo kando tu mjane wa mdogo wake anakaa katika kibanda cha udongo ambacho hata kuku wangekionea aibu.

Basi akavipigilia vyote nyuma ya kibanda hicho.

"Shemeji, unafanya nini huko?" Mjane alikuwa ametoka na beseni la nguo.

"Wapimaji walikosea. Nawasaidia."

"Mbona asubuhi nzima walikuwa wanautazama mlima tu? Nyumba hata hawakuziangalia."

"Wewe unajua nini kuhusu vipimo? Kafunge mizigo yako."

Alimwonea huruma kidogo, ile huruma ya mtu aliyeshiba.

Wiki iliyofuata malori yalikuja. Karani alitoa kiti nje, akaketi, akakunja nne. Mjane alisimama mlangoni na vifurushi vyake akilia, na karani akamwambia aache kumtia aibu mbele ya wageni. Mawingu yalikuwa yametanda.

Malori yakamwaga mawe. Mafundi wakachanganya saruji, wakaanza kupanga mawe nyuma ya kibanda, safu juu ya safu. Karani alingoja mpaka akachoka, akamfuata msimamizi.

"Mbona hamvunji?"

"Tuvunje nini, mzee? Huu ni ukuta wa kuzuia mlima. Wapimaji wanasema kwa jinsi tulivyokata kule juu, mvua kubwa ikinyesha udongo utashuka wote kwenye nyumba moja, hii waliyoiwekea alama. Mhandisi katoa ukuta mmoja tu, na mawe ndiyo haya, yameisha."

Karani aligeuka, akautazama mlima nyuma ya nyumba yake. Msimamizi akadhani mzee wa watu ameingiwa na hofu, akamshika bega kwa upole.

"Wewe usiwe na wasiwasi, mzee wangu. Mvua ikija, lala usingizi wako."