Hodi Kizimbani

Kila asubuhi, kabla ya kufungua kizimba, Bi Sekela, mtunza panya wa maabara, aligonga mfuniko kwa kucha na kusema, "Hodi."

Daktari Mbonea alizoea kumcheka. "Bi Sekela, hao ni panya tu."

"Na humo ndimo kwao, daktari."

Leo panya mmoja alikuwa amejikunyata pembeni, nyayo zake zimepauka. Alizaliwa na jeni mbili walizoziunganisha watafiti wa maabara wenyewe, kama zilivyoungana katika damu ya watoto waliolazwa hospitalini, ng'ambo ya ua. Miezi saba walingoja waone kama zitamletea saratani ya damu. Zimemletea.

"Tumepata!" daktari alisema. Kisha akamwona Bi Sekela akiipasha joto sahani ya mizani viganjani, panya asije akashtushwa na baridi.

"Anaumwa kwa ajili ya wale watoto," Bi Sekela alisema. "Usimvamie kama mwizi."

Daktari akavaa glavu. Akanyoosha mkono, akasita, akagonga mfuniko kwa kidole kimoja.

"Hodi," alisema taratibu.

Panya akainua pua. Wote wawili wakabaki wamesimama, wakingoja kukaribishwa.