Joto la Tangi la Maji
Fundi alifumbata kipimajoto cha tangi la maji ya kunywa, na kwenye kioo cha mtambo namba ya joto la boila ikapanda.

Akakiachia. Ikashuka. Akakishika tena, ikapanda.

Kumbe mtu alibadilisha anwani ya kipimajoto kwenye mtambo: mtambo ukiuliza joto la boila, unajibiwa na tangi. Ndiyo maana juzi kioo kilisema digrii thelathini kaka yake alipofungua vali ya boila, mvuke ukambabua mkono mpaka kwenye kiwiko. Na meneja akatangaza kwamba ni uzembe wake.

"Nani kahamisha hii anwani?" alimuuliza meneja aliyesimama nyuma yake.

Meneja alijikuna shingo. "Dada, kengele ya boila ilikuwa inalia ovyo, kazi inasimama. Nikaihamishia kwenye tangi, kwa muda tu. Mbona unalikuza?"

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa! Ulimwita kaka yangu mzembe mbele ya mama yetu, na ulijua!"

"Basi, tuyamalize humu humu."

Fundi alimkamata mkono, akamburuta hadi kwenye bomba la boila lililokuwa likinguruma. Juu yao kioo kilisema thelathini.

"Thelathini tu, bosi," alisema. "Shika."