Sikio la Shangazi

Tik. Kimya. Tik.

Kabla ya mapambazuko, hiyo ndiyo sauti pekee iliyosikika chumbani kwa Nyuzi. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, gitaa mapajani, vipokea sauti masikioni, na mguu peku ulikuwa ukikanyaga kitufe, ukiachia, ukikanyaga tena. Alikuwa na hasira ya kupasua jiwe.

Sakafuni kulikuwa na pedali mbili, zile za kukanyaga kwa mguu ili gitaa libadili sauti: mara lilie kwa mwangwi, mara likwaruze, mara litetemeke kama mtu mwenye homa. Nyeusi ilikuwa ya bei ya chini. Ya kijivu ilikuwa ghali maradufu, na vitufe vimejipanga juu yake kama vifungo vya koti la askari wa gwaride. Mwenye duka alimwazima zote mbili azijaribu, na sasa amechoka kungoja. Kiongozi wa bendi naye amechoka.

"Kesho jioni uje na pedali yako," alikuwa amemwambia jana, "la sivyo nafasi yako nampa mwingine. Bendi hii haipigi muziki kwa ruhusa ya shangazi yako."

"Mwacheni," mpiga ngoma akadakia. "Hiyo ni posa. Shangazi bado anachunguza ukoo wa pedali."

Walimcheka hadi wengine wakashika mbavu.

Kwao ndivyo ilivyokuwa. Hakuna aliyenunua chombo cha muziki kabla Shangazi hajakisikia. Alipiga gitaa tangu usichana wake mpaka vidole vilipokakamaa, na sikio lake liliaminiwa kama mizani. Hata gitaa la Nyuzi lilipita hapo kwanza. Lakini gitaa lilichukua asubuhi moja tu, na Nyuzi hakurudi tena nyumba ile mpaka alipopata pedali. Hizi sasa, kila akizipeleka, jibu ni lile lile: "Bado, mwanangu. Nisikie tena kesho."

"Sikio limezeeka," Nyuzi alisema peke yake akifunga begi. "Limezeeka na halitaki kukubali."

Leo angelipima sikio hilo.

Nyumbani kwa Shangazi alikuta mlango umeshafunguliwa. Mezani palikuwa na vikombe viwili vya chai vilivyofunikwa kwa visahani, na mkeka ulikuwa umevutwa hadi karibu na soketi ya umeme, ili miguu ya mgeni isipatwe na baridi ya sakafu. Nyuzi aliukanyaga bila kuutazama.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Anza na chai."

"Sina muda wa chai."

Macho ya Shangazi yalikuwa yameingia ukungu. Aliona mwanga na vivuli, basi. Nyuzi akachomeka waya kwenye pedali nyeusi, akawasha spika, akapiga.

"Uzi wa tatu umelegea," Shangazi akasema.

"Nimesikia." Aliukaza kwa nguvu kama anayemnyonga mtu. Hilo hata kiziwi angelisikia, aliwaza. Akapiga wimbo mfupi, ule ambao Shangazi mwenyewe alimfundisha, akaumaliza.

Kisha akafungua zipu ya begi kwa kishindo. Akachomoa waya. Akasukuma pedali huku na huku ili zigongane. Halafu akaurudisha waya palepale, kwenye nyeusi, akapiga wimbo ule ule.

Shangazi aliinamisha kichwa akitabasamu, mkono umeshika shavu.

"Enhee. Hii ya kijivu ina joto. Ile nyeusi ni kama mtu anayeongea nyuma ya mlango. Ila mwangwi wa nyeusi nao, mmh. Kitu kuwa ghali si hoja, na kuwa rahisi si hoja. Ngoja, mwanangu. Nisikie tena kesho."

Nyuzi alisimama. Gitaa lilimgonga gotini, na hata hakuhisi.

"Nimekupigia nyeusi, Shangazi. Mara ya kwanza nyeusi, mara ya pili nyeusi. Ya kijivu haijaguswa na waya. Sikio lako limekufa, na limeizika na nafasi yangu. Jioni hii nafukuzwa kwenye bendi, wenzangu wananicheka, kwa sababu nilikuwa nakuheshimu."

Mkono wa Shangazi, uliokuwa ukimsogezea kikombe, ulisimama katikati ya meza.

"Jioni hii? Hukuniambia."

"Ungesikia saa ngapi? Wewe kazi yako ni kesho, kesho, kesho."

Shangazi alipapasa mezani mpaka akakipata kisahani, akakirudisha juu ya kikombe cha Nyuzi polepole, chai isipoe.

"Chukua nyeusi," alisema. "Ya kijivu inapiga kelele zake yenyewe. Nyeusi inakuacha usikike wewe. Nenda kainunue sasa hivi, kabla bendi haijakutana."

"Unabahatisha tu. Huwezi hata kujua leo nimepiga ipi."

"Umepiga nyeusi mara mbili. Waya umeuchomoa na kuurudisha tundu lile lile." Aliyainua yale macho yenye ukungu. "Na kwamba nyeusi ndiyo, nilijua asubuhi ya kwanza uliyozileta."

Nyuzi alibaki ameshika mkanda wa begi.

"Haya, kimbia, usichelewe," Shangazi akasema. "Lakini kesho uje tena, mwanangu. Leta hata redio mbovu. Nitaisikiliza."