Ukurasa wa Siri wa Mzee Kuramochi

Naapa kwa meno yangu yaliyobaki, hii ni kweli tupu. Mzee Kuramochi aliwatengenezea wazee wenzake tovuti ya mapishi ambayo kila mmoja wao aliweza kuiandikia, na humo akajiwekea ukurasa wa siri wa kuwasengenya, akaufunga.

Siku ya wazee kunywa chai pamoja, jirani yake mjane akamsogezea bakuli zima la figili za kuchachua. "Karibu, mzee mwenzangu. Si uliandika zinanuka soksi?"

Masikio ya Kuramochi yakawaka moto. "Umesomaje? Mbona niliufunga!"

"Ulitufungia kuandika tu. Kusoma, mtaa mzima tunasoma!"

Wengine wakaangua kicheko. Mjane hakucheka. Vidole vyake, vilivyochubuka kwa chumvi, vilikuwa bado vimeshika bakuli.

Kuramochi akainama kuomba radhi mpaka paji la uso likagusa mkeka, kisha akachukua vijiti vya kulia.

"Zote," mjane akasema.