Pumzi ya Mwizi

Mwalimu Bakar alipoomba chokaa ya tambuu, kopo zima, wanawake wa Wingwi waliangua kicheko. Kijana wa Unguja, meno meupe hivyo, leo kaanza kutafuna!

Hakutaka kutafuna. Aliikoroga chokaa katika ndoo ya maji, akaiacha itulie, kisha akayachuja maji kwa kitambaa mara mbili mpaka yakawa safi, usiweze kuyatofautisha na ya kisima. Halafu akamwendea Mzee Kificho, msimamizi wa wakfu wa msikiti.

"Mzee, mwizi wa karafuu nitakutolea Ijumaa hii, baada ya sala."

Karafuu zenyewe zilikuwa gunia tatu, mavuno ya mwaka ule wa 1959, zimewekwa zije zitengeneze paa la msikiti. Hazikuondoka siku moja. Zilipungua kidogo kidogo mpaka ghala likabaki na panya. Ufunguo ulikuwa umepita mikononi mwa watu sita: Mzee Kificho, wanakamati wenziwe wanne, na Bi Mwatum, mjane aliyekuwa akizianika na kuzianua. Unadhani kidole kilimwendea nani? Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Wingwi walikuwa bado wako kwenye nusu ya kwanza.

Kibanda cha Bi Mwatum kilikuwa kwenye kiwanja cha wakfu, na kamati ilishaamua: Jumamosi ahame. Kabla ya hapo walipanga mara tatu kumsomea mwizi halbadiri ili adhurike, na mara zote tatu mwanakamati mmoja akashikwa na homa, shughuli ikaahirishwa.

"Mie s'kuiba, Mwalimu," Bi Mwatum alimwambia Bakar huku akilia. "N'kitolewa hapa n'ende wapi?"

Bakar alimwonea huruma kwelikweli. Ndipo akakumbuka somo la pumzi.

Ijumaa watu walijaa kwenye baraza ya skuli. Mlangoni mwa darasa palitundikwa kanga, na ndani palipangwa glasi sita za maji yale, kila moja na kikonyo chake cha jani la mpapai, kile chenye tundu toka mwanzo hadi mwisho.

"Pumzi ya mwizi ni nzito," Bakar alitangaza. "Ikipita ndani ya maji haya, maji yatageuka meupe kama tui. Ya mtu safi hayageuki. Kila mmoja ataingia peke yake, apulize, nasi huku nje tutahesabu tasbihi thelathini na tatu."

Ulikuwa uongo mtupu. Hewa tunayoivuta siyo ile tunayoitoa. Mapafu huchukua iliyo njema na kurudisha iliyochakaa, na hiyo iliyochakaa ndiyo inayoyageuza maji ya chokaa kuwa meupe. Mwizi na walii, sawasawa. Lakini mwizi asingethubutu kupuliza. Angekaa nyuma ya kanga na kikonyo mdomoni, pumzi kaibana, mpaka tasbihi ziishe. Glasi itakayobaki safi ndiyo ya mwizi! Bakar aliipenda hila yake mpaka ikamkosesha usingizi.

Aliingia Mzee Kificho, akatoka akijifuta jasho. Wakafuata wanakamati mmoja mmoja, kimya, kwa heshima zao. Mwisho akaingia Bi Mwatum, na watu nje wakasikia maji yakibubujika.

Bakar alizitoa nje glasi juu ya sinia, zimefunikwa visahani. Alifunua ya Mzee Kificho. Safi! Moyo ulimruka kwa furaha: nimempata, tena mkubwa wao. Akafunua ya pili. Safi. Ya tatu, safi. Furaha ikaanza kumkauka. Ya nne, safi. Ya tano, safi, unauona mpaka mstari wa mkono wake kwa upande wa pili.

Akabaki ameishika ya sita, haifunui. Mzee Kificho akamfunulia.

Nyeupe kama tui la kwanza.

"Huyo! Huyo!" baraza zima lilipiga kelele. Bi Mwatum alikaa chini palepale.

"Ngojeni!" Bakar alipaza sauti. "Niliwadanganya! Mtu yeyote anayepumua huyageuza maji haya. Hawa watano hawakupuliza. Wao ndio wezi, wote!"

"Astaghfirullah," alisema Mzee Kificho taratibu. "Mwalimu, si wewe uliyetwambia watu wote hapa kwamba yakigeuka ndiye mwizi? Leo kayageuza mtu wa kwako, maneno yamekuwa mengine?"

"Basi tazameni wenyewe!"

Akachota glasi ya saba kutoka kwenye ndoo, akachukua kikonyo, akapuliza mbele ya macho ya wote, mishipa ya shingo imemtoka. Maji yakatanda ukungu, yakawa meupe pe. Akainyanyua glasi juu, wa karibu na wa mbali waione.

Mzee Kificho aliitazama glasi ile, akawageukia wanakamati wenziwe, akashusha pumzi ndefu.

"Alhamdulillahi," akasema. "Nami n'kijiuliza siku zote, yule mwanamke alikuwa akisaidiwa na nani."